Ramani ya Shuka

Walisema sitaweza. Nianze na hapo, maana wengi wa waliosema bado wako hai na huenda wakasoma haya. Walisema mshona nguo wa Ujiji aliyeishia darasa la saba hawezi kukaa kwenye mtihani wa matric, ule wa kumaliza sekondari kule Afrika Kusini, na kutoka na cheti. Walisema Johannesburg itanirudisha nyumbani na begi la mitumba na kikohozi cha baridi. Kabwe, kinyozi kutoka Lubumbashi niliyepanga naye nyumba moja kwenye mtaa wa Bertrams kule kule Johannesburg, siku ya kwanza aliponiona na daftari aliniambia, "Fundi, kupima kiuno cha mtu unaweza. Kichwa chako usijaribu kukipima." Nyumba nzima ikacheka.

Leo nina stashahada ya usimamizi wa biashara, iko ukutani ndani ya kioo. Nina karakana ya cherehani kumi na nne, na watoto wa shule sita za Kigoma wanavaa sare zilizotoka mikononi mwangu. Ukishuka kwenye treni ukauliza kwa Fundi wa Jozi, yaani wa Johannesburg, mtu yeyote atakuelekeza. Sikurithi kitu, sikubebwa na mjomba, sikuoa tajiri. Najivunia, na sitaomba radhi kwa hilo.

Ila nikiulizwa ni nani aliyenifikisha hapa, husema ni juhudi zangu, kisha nakohoa kidogo kama mtu aliyemeza kitu kikavu. Kuna mtu mmoja ambaye huwa namruka. Hapa pia sitamtaja jina, lakini si kwa kumficha. Hakuna aliyemwita kwa jina. Kwetu sote alikuwa Mwalimu.

Alikuwa Mrundi, mrefu, mwenye shingo nyembamba ambayo kola yoyote ilikuwa pana kwake. Nilimpunguzia kola tatu, na zote zikabaki pana. Siku za mechi alilinda magari kwenye mitaa ya karibu na uwanja, akiwa amefunga tai ndani ya kizibao cha kung'aa. Madereva walimpa sarafu naye akawajibu kwa Kifaransa bila kukusudia. Alikuwa mlinzi aliyeogopa mbwa. Kama kwenye gari kulikuwa na mbwa, alililinda kutoka upande wa pili wa barabara.

Siku nyingine alifundisha historia. Nyumba ile ilikuwa na sebule moja kubwa ya zamani, yenye sakafu ya mbao na dari ya bati lililochorwa maua. Maman Furaha, mama wa Bukavu aliyekodi nyumba nzima kutoka kwa mwenye nyumba na kutupangisha sisi, alikuwa ameigawa sebule ile kwa pazia lililoning'inia kwenye waya. Theluthi ya mbele ilikuwa yangu na cherehani zangu mbili. Theluthi mbili za nyuma zilikuwa darasa. Mwalimu aliwafundisha watoto wa Maman Furaha, ambao Kiswahili walikisikia na kujibu kwa Kiingereza, na badala ya kodi akapewa nafasi ya kutufundisha sisi watu wazima: vinyozi, wasusi, walinzi, wauza nyanya, sote tukitafuta matric.

Kila somo lilianza kwa kufuta viti. Vilikuwa kumi na viwili na hakuna viwili vilivyofanana. Kimoja kilikuwa cha saluni, kile cha kuzunguka, na watu wazima na ndevu zao walikigombea. Mwalimu alivifuta vyote kwa kitambaa kimoja, hata kiti cha mtu aliyejulikana kuwa hatakuja. Nilimuuliza faida yake. Akasema kiti kikishika vumbi watu huanza kuamini hakina mwenyewe.

Ramani yake aliichora kwa mkono kwenye shuka la kitanda cha watu wawili, Ulaya nzima kwa wino mweusi. Ujerumani ilikuwa katikati, pale ambapo kwenye shuka huwa pamechakaa zaidi kwa kulaliwa. Kabwe alisema ndiyo maana Wajerumani walikuwa hawatulii. Mwalimu alicheka hadi akakaa. Alipenda utani wa Kabwe kuliko majibu yangu sahihi, na hilo liliniuma. Naliandika kwa sababu lilichangia.

Mwanzoni mimi nilikuwa mpinzani. Nilimwambia mbele ya wote kwamba habari za Ujerumani kumeza majirani zake kabla ya vita ya pili ni habari za Wazungu, sisi tunahitaji hesabu na Kiingereza. Hakukasirika. Aliniuliza kituo cha treni cha kwetu Kigoma kilijengwa na nani. Nikasema Wajerumani. Akasema kwao Bujumbura pia walikuwepo, kwa hiyo mimi na yeye babu zetu walikuwa raia wa mfalme mmoja mwenye masharubu na hawakujua. Halafu Wajerumani wakashindwa vita ya kwanza, wakubwa wakakaa mezani, kwao wakapewa Wabelgiji na kwetu Waingereza. "Na ile nchi ilipoanza tena kudai, ilidai na sisi pia turudishwe. Sasa niambie, Fundi. Kwenye meza zote hizo, nani hakuwepo chumbani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Kila mkataba tuliosoma, kabla hujamwambia mwaka au vifungu, alitaka umwambie nani hakuwepo chumbani. Swali la pili lilihusu ombi la mwisho. Alituambia mtawala wa Ujerumani alikuwa bingwa wa maombi ya mwisho: nipeni hiki, baada ya hapo sina dai lingine. "Ukisikia mtu anasema hili ni la mwisho," alisema Mwalimu, "andika tarehe."

Mtu huyo huyo aliyesema hivyo hakuweza kubishana na muuza nyanya. Nilikuwa naye siku moja sokoni, akawekewa zilizooza tatu chini ya nzuri nne, akaziona, akashukuru. Mbele ya ramani alipiga rula kwenye shuka na kuzigombeza Uingereza na Ufaransa kama wanafunzi waliochelewa, lakini akikuta mtu amekalia kiti chake cha jikoni anakula amesimama. Alikuwa na redio ndogo ya Kijerumani aliyotoka nayo Burundi, na aliipenda kama mtoto. Wanafunzi walimtania kwamba anawasema Wajerumani mchana kisha anakwenda kulala na redio yao. Akajibu kwamba redio yake haijavuka mpaka wa mtu. Alijua kila mahali ambapo dunia ilipaswa kusema hapana, na yeye mwenyewe neno hilo halikumtoka mdomoni.

Mimi ni mshonaji. Nikishika kitambaa najua kinavutika upande gani. Nililijua jambo hilo la Mwalimu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Somo ambalo sote tulilikumbuka ni la viti. Alitugawia nchi, kila mmoja na kiti chake. Mimi nikawa Ujerumani kwa sababu, alisema, nina sauti na sichoki kuomba. Kabwe akawa Chekoslovakia, akapewa kiti cha kuzunguka, akafurahi sana. Mwalimu akanipitisha hatua kwa hatua. Kwanza niliingiza askari kwenye ukanda wa Rhine, ardhi yangu mwenyewe ila nilikuwa nimekubali isikae jeshi. Majirani wakanung'unika, wakanyamaza. Halafu Austria, watu wa lugha yangu, ambao wengi walinishangilia nilipoingia. Halafu nikataka pembezoni mwa nchi ya Kabwe, kwenye milima, kwa sababu waliishi huko watu wa lugha yangu. Huko ndiko Kabwe alikojenga ngome zake zote.

Mwalimu akamwambia Kabwe atoke nje akangoje kwenye ngazi. Kabwe akatoka, akadhani ni mchezo wa dakika moja. Mezani tukabaki wanne, wengine wakitazama: Ujerumani, Italia, Uingereza na Ufaransa. Tukazungumza kama nusu saa hivi, tukakubaliana. Tulipomwita, Kabwe alikuwa amekwishanunua mkate wenye chipsi kwenye spaza, kiduka cha mtaani, na kuumaliza. Mwalimu akaniambia nimsomee uamuzi pale pale mlangoni, asikae.

"Mimi sijakubali," Kabwe akasema.

"Hakuna aliyekuuliza," nikamjibu, jinsi Mwalimu alivyonifundisha, na darasa likacheka.

Kabwe hakucheka. Alitazama kile kiti cha kuzunguka, ambacho tayari nilikuwa nimekisogeza kwangu. Kwa wiki nzima hakuninyoa. Mwalimu akatuambia kwamba ndivyo ilivyokuwa kweli kule Munich. Wajumbe wa nchi iliyokatwa waliwekwa hotelini wangoje, wakaja kuambiwa baadaye. Na sehemu iliyobaki, ambayo iliahidiwa kulindwa, haikumaliza hata miezi sita.

Sasa nieleze nilichofanya. Nitakieleza kwa mpangilio ule ule.

Upande wangu wa pazia ulikuwa na dirisha, na tulikuwa tumepatana kwamba pale dirishani sitaweka mashine, ili mwanga upite hadi darasani. Mwezi wa pili nikapata kazi ya suti nyeusi. Aliyewahi kushona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi anajua. Nikamwambia, "Mwalimu, niazime mwanga wa dirisha kwa wiki mbili tu." Akasema karibu. Cherehani haikuondoka tena, na darasa likaanza kuwasha taa mchana.

Nyuma ya darasa alikaa fundi viatu wa Tabora, na darasa lilikuwa likitumia meza yake. Nikamwita aje mbele, tufanye kazi pamoja, sisi si wageni, lugha moja. Alikuja na meza yake akiimba. Pazia likasogea hatua moja nyuma. Nilimwambia Mwalimu hilo lilikuwa la mwisho.

Mwezi wa nane, baridi ikiisha, nikanunua overloki, mashine ya kupindia kingo za kitambaa. Ilihitaji plagi, na plagi zote zilikuwa kwenye ukuta wa kushoto, upande wa darasa, pamoja na mlango wa uani ambao wanafunzi walipitia. Nikataka ukanda ule. Hapo hata Mwalimu hakusema karibu, alisema afadhali tumuulize Maman Furaha.

Kwetu sisi, na ninaposema sisi ni Kigoma, Bukavu, Bujumbura na Lubumbashi pamoja, mtu mzima habishaniwi mbele ya macho yake. Ni aibu kumkalisha mzee na kumwambia ana nafasi kubwa kuliko anayostahili. Kwa hiyo Maman Furaha alimwambia kwa upole, "Mwalimu, wewe pumzika nje kidogo. Tunaongea sisi watoto. Kwa heshima yako tu." Akaitikia, akachukua viatu vyake na rangi ya viatu, akaenda kukaa kwenye ngazi za uani.

Tulikaa jikoni: Maman Furaha, fundi viatu, Kabwe kwa niaba ya wanafunzi, na mimi. Nilipovuta kiti nikahesabu. Tulikuwa wanne. Naapa niliona. Kabwe naye aliona, maana alinitazama, lakini nilikuwa nimekwishamwahidi kwamba Jumamosi zote sebule nzima itabaki ya darasa, cherehani nitazifunika, na hakuna mtu atakayezigusa Jumamosi hizo. Alitaka mtihani wake. Maman Furaha alitaka amani ndani ya nyumba. Alisema fundi analeta wateja na wateja hununua samaki wake wa kukausha, na Mwalimu ni mtu mwelewa. Kwa robo saa tukamaliza.

Nilitoka mimi kumwambia. Alikuwa amemaliza kiatu kimoja. Nilisimama mlangoni yeye akiwa chini, nikamsomea: ukanda wa plagi, mlango, na Jumamosi kama dhamana. Aliniuliza jambo moja tu, kama wanafunzi watapita wapi. Nikasema watapita kwangu, sitawazuia. Akasema, "Haya, Fundi," akachukua kiatu cha pili.

Jumamosi zilidumu wiki tano. Mwezi wa kumi zikaja oda za sare za Januari, na mtu anayejua biashara hawezi kufunika mashine kwa siku nzima kwenye msimu. Sikufanya kikao. Jumamosi ile wanafunzi walikuta nimeshona tangu alfajiri, pazia nimelisukuma hadi karibu na ukuta, vitambaa vimelala juu ya viti kumi na viwili. Kabwe alisimama pale mlangoni, mlango ambao sasa ulikuwa wangu.

"Eish, Fundi," alisema. "Uliahidi."

Nikamwambia msimu ukiisha. Nikasema hili ni la mwisho.

Nilipovuta meza ya kukatia niiweke katikati ya lililokuwa darasa, niliona mistari kwenye mbao za sakafu. Ilikuwa minne, imenyooka, imechorwa kwa chaki ya kushonea, wa kwanza pale pazia lilipoanzia, na mingine pale lilipokuwa limefika kila niliposogeza. Kando ya kila mstari paliandikwa tarehe kwa mwandiko mdogo wa ubao. Mstari wa nne ulikuwa karibu kabisa na ukuta. Chaki yenyewe nilimpa mimi, zawadi, siku aliponisaidia kujaza fomu ya mtihani. Niliweka meza juu yake. Sikuifuta, wala sikumwambia mtu. Miguu ya wateja iliimaliza yenyewe.

Darasa lilivunjika mwezi mmoja kabla ya mtihani. Wasusi wawili walijaribu kusoma saluni, wakachoka. Kabwe hakwenda kabisa kwenye mtihani. Katika watu kumi na mmoja tulioandikishwa, niliyefanya na kufaulu ni mimi.

Na hapa ndipo Mwalimu alipokuwa mtu wa ajabu kwangu. Aliendelea kunifundisha. Alikuja jioni mapema, akafuta kiti kimoja, akakaa kando ya cherehani yangu na kunisikiliza nikitaja nchi na miaka huku nikishona. Hakuwahi kusema lolote kuhusu pazia. Wakati ule niliona ni udhaifu. Baadaye nikafikiri ni adhabu. Siku hizi sijui, na nadhani pengine alikuwa tu mwalimu, na mimi ndiye mwanafunzi niliyebaki.

Swali la historia lilikuja lile lile. Lilitaka tueleze jinsi Ujerumani ilivyojipanua na kwa nini majirani waliiacha. Wengine walikariri. Mimi nilijaza kurasa bila kuinua kalamu, maana nilijua jinsi kila jirani anavyonyamaza na anajiambia nini anaponyamaza. Alama zangu za historia ndizo za juu kuliko zote kwenye cheti changu. Watu wa Kigoma wakizitazama husema Fundi ana akili.

Mwaka uliofuata Mwalimu alihama, akaenda kuishi mtaa wa jirani, Kensington, kwa Warundi wenzake. Aliacha shuka lake kwenye msumari. Aliniambia, "Hiyo ramani nakuazima mpaka nipate ukuta." Nilianza kuifunika nayo overloki isipate vumbi. Miaka mitatu niliyosomea stashahada chuoni kule Doornfontein, Ulaya ililala juu ya mashine yangu. Siku ya mahafali sikuwa na koti, na Kabwe akaniazima lake la bluu, jipya, halijavaliwa. Alinivalisha mwenyewe, akafunga vifungo. "Nililinunua kwa ajili ya siku yangu," alisema. "Sharp, sawa tu, vaa wewe." Niliondoka Johannesburg nikiwa na koti lile, pasi ya nguo ya Maman Furaha, na shuka la Mwalimu nililofungia kichwa cha mashine.

Mwaka jana nilirudi kununua vipuri. Nilikuwa na pesa yangu, hoteli yangu, na begi moja la ziada ambalo mke wangu alilitazama akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeamua kwamba kila mtu aliyewahi kuniazima kitu kwenye mji ule atarudishiwa siku moja, jua likiwa bado halijazama.

Maman Furaha yuko pale pale. Nilimpa pasi mpya pamoja na ile ya zamani. Akaishika ile ya zamani, akaitukana kwa furaha, akaniambia alimshtaki msichana wa kazi kwamba ameiiba. Kabwe sasa ana kibanda chake cha kunyolea barabarani, na mvi. Koti aliliangalia ndani na nje. Nilikuwa nimelipeleka kwa dobi. Alilijaribu, halikufunga tumboni, akacheka kidogo na kulitundika juu ya kioo. Nilimuuliza Mwalimu yuko wapi. Akatazama saa, akavua aproni, akasema, "Twende. Nami nimechelewa darasani."

Darasa liko Kensington, ukipita robot ya pili, yaani taa za barabarani, ndani ya gereji ya kanisa dogo, nyuma ya duka la matairi. Mlango wa gereji ni wa bati linalojikunja. Watu walikuwa tisa au kumi. Mwalimu alikuwa anafuta viti, akivitafuta kwa mkono kabla ya kuvifuta, ndipo nikajua kwamba macho yamekwenda. Tai ilikuwepo. Kola ilikuwa pana kuliko zamani.

Nikamwamkia. Akatega sikio.

"Fundi," akasema. "Ulifaulu daraja gani kwenye stashahada?"

Nikamwambia. Akafurahi kweli kweli, akawageukia wanafunzi na kuwaambia kwamba huyu alianza kama wao. Nilitaka sakafu inimeze. Badala yake nikatoa hotuba niliyoiandaa tangu Kigoma. Nikasema gereji si mahali pa kusomea, nimekwishaongea na Maman Furaha, ile sebule ya Bertrams nitailipia miaka miwili, yote, bila pazia, nitaweka viti vipya na kibao mlangoni chenye jina la Mwalimu, na chini yake, kwa herufi ndogo, la karakana yangu. Nikasema ni deni langu na leo nalilipa.

Wanafunzi walianza kupiga makofi. Mwalimu akainua kitambaa.

"Unampa nani?" akaniuliza. "Mimi, au darasa?"

"Darasa, Mwalimu."

"Basi lazima darasa liongee. Wewe pumzika nje kidogo, mwanangu." Akakunja kitambaa, kisha akamalizia, "Kwa heshima yako tu."

Sikuona kama alitabasamu. Kabwe ndiye aliyeshusha lile bati nyuma yangu.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, kati ya matairi. Jua lilikuwa kali. Nilisikia viti vikiburutwa, nikasikia sauti ya Kabwe, nikasikia watu wakicheka, sikujua wanacheka nini. Mara mbili niliinuka nikaribie nisikilize, mara mbili nikakaa. Mimi ambaye kule kwetu wakuu wa shule hunisubiri, nilifuta viatu vyangu kwa leso nikaona nimefuta kimoja nikasahau kingine. Nilikaa pale kama saa nzima. Mwalimu kwenye ngazi alikaa robo saa, lakini robo saa yake sikuwahi kuujua urefu wake mpaka siku ile.

Bati likapanda. Kabwe alisimama pale, mimi nikiwa chini.

"Sebule hatuitaki," alisema. "Wengi wanakaa huku, kwenda Bertrams ni nauli. Kibao hatukitaki."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari: basi viti tu, basi nauli yao nilipe mimi, sikilizeni, ombi langu la mwisho. Niliyasikia yakifika kwenye ulimi. Nikaufunga mdomo.

"Kabwe," sauti ya Mwalimu ikatoka ndani, kali, ile ya kuzigombeza Uingereza na Ufaransa. "Hapa hatumsomei mtu mlangoni. Mwite ndani asikie akiwa pamoja na sisi."

Nikaingia. Wakanirudia uamuzi wao mbele yangu, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake, na mama mmoja muuza nyanya alinishukuru kabla ya kukataa. Niliwasikiliza wote. Walipomaliza, nikafungua begi nikatoa kitu ambacho hotuba yangu haikukitaja, kwa sababu nilikuwa nakionea aibu. Nilikuwa nimelifua shuka mara tatu. Mafuta ya mashine hayakutoka yote, na kwenye milima ile ambako Kabwe alijenga ngome zake kulikuwa na tundu la spana.

Mwalimu alilipapasa. Vidole vyake vilitembea kutoka ukingoni hadi katikati, vikafika kwenye tundu, vikakaa hapo.

"Hii tunaipokea," Kabwe akasema, bila kuuliza mtu.

Gereji haina msumari. Kuta tatu ni za zege na ya nne ndiyo lile bati. Watu wakatazama huku na huku, kisha Mwalimu akaniambia nisimame mbele, mgongo kwenye bati, nilishike shuka kwa mikono miwili juu ya kichwa. Viti vyote vilikuwa na watu. Nikashika. Ulaya ikaniziba uso, sikuona tena darasa wala Mwalimu, niliona mwanga tu ukipita kwenye kitambaa kilichochakaa, na nikasikia rula ikigonga taratibu karibu na kifua changu, ikiitafuta Ujerumani.

Somo lilikuwa la saa moja na nusu. Mikono ilianza kushuka kabla hatujafika Austria.

"Juu, Fundi," akasema Mwalimu. "Juu kidogo. Wa nyuma hawaoni."